Riwaya imekatika kurasa 12 za mwisho, mwisho wenyewe naujua, na bado nimekasirika

Abiria wa Feri (mleta uzi)

Wapenzi wa vitabu, hamjambo. Juma lililopita nilinunua riwaya ya mapenzi kwa muuza vitabu vya mtumba karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kwa shilingi 80. Nilianza kuisoma jioni hiyo hiyo nikingojea feri ya kwenda Likoni, nikaendelea nayo asubuhi na jioni kwa siku nne, na Ijumaa, tukiwa katikati ya maji, nikafunua ukurasa wa 176 nikakutana na jalada la nyuma. Kurasa 12 za mwisho zilikuwa zimeng'oka.

Jumamosi nikarudi. Kijana alikigeuzageuza kitabu, akapapasa pale kwenye gundi iliyokauka, akacheka: "Mama, si wataoana tu?" Alisema kweli. Tangu ukurasa wa tisa, pale bwana alipoingia ofisini kwa hasira na bibi akammwagia kahawa kwenye shati, nilijua kwamba hawa wawili wataoana. Nimekuwa nikisoma riwaya za namna hii tangu kidato cha pili, na sasa ni zaidi ya miaka thelathini. Hata hivyo nilijiona nimeibiwa, nikadai haki yangu, na kijana akanibadilishia kwa kitabu kingine ambacho nacho mwisho wake naujua. Swali lililonileta hapa ni hili: kama habari yenyewe nilikuwa nayo, ni nini hasa nilichokikosa katika kurasa zile 12?

Kwa asiyezifahamu, ninazungumzia zile riwaya pendwa za Kiingereza, nyembamba, zenye maneno yapata 50,000. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ilianzishwa Kanada mwaka 1949 ikaja kuinunua ile ya kwanza mwaka 1971. Zimezitoa kila mwezi kwa miaka mingi, hata jina la kampuni limekuwa ndilo jina la kitabu. Hapa kwetu mtu hakuulizi kama unasoma riwaya ya mapenzi; anakuuliza kama unasoma Mills & Boon, hata kitabu kiwe kimetoka kwa mchapishaji mwingine kabisa. Katika miaka ya 1930 vitabu vya kampuni hiyo vilifungwa kwa majalada ya rangi ya hudhurungi na kupelekwa kwa wenye maktaba ndogo za kukodisha, na wasomaji wakavijua kwa rangi hiyo. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu mama yangu alinilazimisha kuvifunika vyangu kwa karatasi ya khaki, kama madaftari ya shule, ili yule mwanamume aliyefungua vifungo vya shati kwenye jalada asionwe na wageni. Waingereza wale na mimi tulisoma vitabu vya rangi moja, wao kwa sababu ya biashara, mimi kwa sababu ya stara.

Mvuto wake siuonei haya. Mimi ni karani katika kampuni ya kupitisha mizigo bandarini, na kutwa nzima nashughulika na mambo ambayo hakuna ajuaye yatakwisha lini: kontena limezuiliwa, hati moja haijafika, mteja anapiga simu kwa mara ya sita. Kitabu kinachoniahidi tangu jalada kwamba mambo yatakaa sawa kinanipunguzia wasiwasi mmoja, nami nabaki na raha ya kutazama yatakaaje sawa. Mtafiti Janice Radway, aliyechapisha mwaka 1984 uchunguzi wake juu ya kundi la wanawake wasomaji wa riwaya hizi katika mji mmoja wa Marekani, aliwakuta wakimsimulia habari za tendo la kusoma kama walivyomsimulia habari za hadithi: kwamba kitabu kikiwa mkononi, mume na watoto huelewa kuwa saa hiyo ni ya mama. Baadhi yao walifungua ukurasa wa mwisho kabla ya kununua, wapate hakika kwamba hawatasalitiwa. Hao wasingelipa shilingi 80 zangu.

Sasa maudhi. Msomaji wa vitabu ishirini anaweza kufumba macho akaweka kidole mahali ambapo wapenzi wataachana, nako ni kwenye robo tatu ya kitabu. Sina ugomvi na kuachana kwenyewe. Mhakiki wa Kimarekani Pamela Regis, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alizitaja nguzo nane za riwaya ya mapenzi, na miongoni mwake kuna kizuizi kinachowatenga wapenzi na ile saa ambayo penzi linaonekana limekufa. Bila ya hizo hakuna hadithi. Ninachokilalamikia ni kizuizi cha bei rahisi. Bibi anamwona bwana akikumbatiwa na mwanamke mlangoni mwa hoteli. Hamuulizi. Anafunga sanduku, anapanda ndege, na kurasa 30 zinapita kabla hatujaambiwa kwamba yule mwanamke ni dada yake. Mwandishi alikuwa ameanza na mambo mazito, shamba linalotaka kupigwa mnada, mtoto wa mke wa kwanza ambaye hataki kusemeshwa, mwanamke aliyekwisha kuumizwa mara moja na anayeogopa ya pili, kisha akayaacha yote njiani na kuning'iniza hadithi nzima kwenye swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza. Katika Mombasa ninayoijua mimi, dada wa mwanamume asingekuwa mgeni kwa mchumba hata kwa siku tatu. Angekuwa amekwisha kuja na sinia ya vitumbua, kupeleleza.

Hapo ndipo panaponikera zaidi ya utajiri wa yule bwana, zaidi hata ya ndege yake. Wale wapenzi wawili wa ndani ya riwaya hizi ni mayatima. Kama si mayatima, wazazi wao wako nchi ya mbali na ni kama hawana simu. Nimesoma pia hadithi za wenzetu waliouhamishia muundo huu Nyali na Diani, wakabadilisha majina na kuongeza minazi, lakini wale watu wawili wakabaki vile vile, hawana shangazi, hawana jirani, na hakuna mtu aliyewahi kupeleka posa kwa yeyote. Kizuizi kinachojulikana na kila nyumba ya mji huu, yaani watu wazima kumi na wawili waliokaa sebuleni wakizungumza juu ya ukoo, mahari, kilemba na mkaja, na vijana wawili walio vyumba tofauti wakitega masikio, sijakikuta kimepewa nafasi yake hata mara moja. Je, nyinyi mmekikuta?

Malenga wa Kibokoni

Dada yangu Abiria, uzi wako umenikuta nikihesabu mizani, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa mizani. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 iliyokatwa nusu kwa nusu, na vina vya kati na vya mwisho vinajulikana kabla mtungaji hajashika kalamu. Anayeanza kutunga anajua ubeti utafungwa kwa kibwagizo, na msikilizaji anajua pia, tena mara nyingi humtangulia kukitamka. Sijapata kumsikia mtu kwenye baraza akilalamika kwamba ameujua mwisho wa ubeti. Wanamsifu mtungaji aliyekifikia kibwagizo kwa njia ambayo hawakuitazamia, na wanamcheka yule aliyejaza mizani kwa maneno ya kupachika.

Kwa maoni yangu ulichokosa katika kurasa zile 12 ni kibwagizo. Ulikijua, lakini ulikuwa hujakisikia, na kukijua hakukutoshi. Lile tukio la dada mlangoni mwa hoteli, ambalo umelishtaki vizuri, ni neno la kupachika: mwandishi alipungukiwa mizani akatia chochote. Kosa hilo ni lake, wala usiibebeshe bahari, yaani muundo wenyewe.

Abiria wa Feri

Kaka Malenga, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuna tofauti moja umeipita haraka. Kanuni ya shairi inafunga sauti na kuliacha wazo huru. Ndani ya mizani 16 unaweza kusifu, kuomboleza, kutongoza au kumsuta jirani. Kanuni ya riwaya hizi inafunga matendo ya watu. Inamwambia mwanamke lini atalia, lini atasamehe na, mara nyingi, lini ataacha kazi. Mtungaji akishindwa na vina, ubeti unakuwa mbovu, basi. Mwandishi akishindwa na muundo huu, anayeonekana mpumbavu ni yule bibi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda.

Mwandishi wa Simulizi, Changamwe

Shikamoo dada Abiria, na wakubwa wengine mliotangulia. Mimi ni mmoja wa wale wanaoandika simulizi za Kiswahili na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu moja kila usiku, na mwenye haraka hunitumia shilingi 50 kwa M-Pesa akapata sehemu zote zilizobaki. Naomba nieleze mambo yalivyo upande wetu wa jikoni.

Simulizi yangu ya tatu nilimweka kijana mvuvi wa Mtwapa, mwenye ngalawa ya kurithi na deni la mashine, na binti aliyekuwa akisomea uuguzi. Kizuizi kilikuwa hicho hicho unachokitaka: mama wa binti hakumtaka mtu wa baharini, kwa sababu mumewe mwenyewe alikwenda baharini na hakurudi. Niliifanyia kazi sana, na sehemu za mwanzo watu walizipenda. Kufika sehemu ya 14, pale wazee wa mvuvi walipokwenda kuposa na kurudishwa kwa heshima, na wakakaa kwenye matatu bila ya kusemezana mpaka wakafika nyumbani, watu wakaanza kujitoa kundini. Mmoja aliniandikia kwamba haya anayaona nyumbani kwao bure, kwa nini ayalipie? Simulizi iliyofuata nikamweka bosi mwenye jumba Nyali na gari jeusi, nikawatenganisha kwa picha moja ya simu isiyoeleweka, na malipo yakaja.

Kuhusu lile neno "Itaendelea", ambalo wengi mnalichukia, nalo lina hesabu zake. Nikikata pale mlango unapogongwa, watu watano hulipa usiku huo huo. Nikikata pale wawili wameketi wanakula viazi vya karai na kuelewana, hakuna anayelipa, kila mtu analala vizuri. Dada, muundo haukutuangukia kutoka juu. Ni wasomaji wanaoutengeneza kila siku kwa vidole vyao, mimi nafuata. Wachapishaji wetu wa vitabu wanategemea vya shule, kwa hiyo mapenzi ya Kiswahili yaliyochapwa tuliyoyasoma wengi wetu ni yale ya kutahiniwa, ambapo msichana akipenda ukurasa wa 20, ukurasa wa 60 utamkuta na mimba au kaburini, kisha unaulizwa dhamira ya mwandishi. Msinishangae nikiwapa watu harusi.

Kaka Mtulivu

Mimi ni mwanamume, na nilivisoma vitabu vya dada zangu vyote, uvunguni mwa kitanda, kwa tochi. Nilichojifunza humo ni kwamba bwana wa riwaya hafui nguo, haugui tumbo, na hana rafiki anayemkopa. Nilipooa, mke wangu, ambaye naye alikuwa msomaji, alikiri kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akiningojea nimkasirikie kwa siri kubwa ya utotoni. Sikuwa nayo. Endeleeni.

Bibi wa Majengo

Wanangu, nawasalimu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa mjini miaka ya 1970, na vitabu hivyo tulibadilishana sisi wasichana wa ofisi mpaka vikachakaa, kwa hiyo niruhusuni niseme jambo ambalo mleta uzi amelizunguka.

Vitabu vya wakati ule vilisimuliwa kwa macho ya mwanamke peke yake. Bwana alikuwa mlango uliofungwa. Alimkaripia, alimdhihaki mbele za watu, pengine alimshika kwa nguvu, na sisi, kama huyo bibi, tulibaki kukisia. Halafu ukurasa wa mwisho kabisa anasema: nilikuwa nikikupenda tangu siku ya kwanza. Basi yote yaliyopita tuliyageuza tukayasoma upya, kwamba ule ukali ulikuwa mapenzi. Nilikuwa na mwenzangu, Mungu amrehemu, aliyeolewa na mtu mkali wa kweli, na kwa miaka saba aliisubiri ile sentensi. Siwezi kusema kitabu ndicho kilichomponza, maana mama yake pia alimwambia avumilie, na mama yake hakujua kusoma Kiingereza. Nasema tu kwamba pande zote mbili zilimpa shauri moja.

Vya siku hizi vimebadilika. Mjukuu wangu ananionyesha, sura moja ni ya bibi, sura nyingine ni ya bwana, na bwana anafikiri mpaka unachoka. Hilo ni jema, ingawa fumbo limepungua. Sisi tulilelewa na fumbo. Mtu hakukwambia anakupenda. Alikuletea leso, nawe ukaenda chumbani ukalisoma jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, mara kumi, ukapima kama ni sifa au ni kijembe. Mwandishi wa Changamwe, mwanangu, waondolee ile picha ya simu uwape leso yenye jina la maana mbili, ipite kwa mkono wa wifi kabla ya kufika kwa mwenyewe. Hapo utapata kutoelewana kwa haki, maana katika kutoelewana huko kila mtu ameuliza, na kila mtu amejibiwa vingine.

Msije mkadhani kwamba nataka vitabu vya mapenzi vipigwe marufuku. Huko Kano, Nigeria, mwaka 2007 gavana alivichoma hadharani vitabu vya mapenzi vya Kihausa, ambavyo wengi wa waandishi wake ni wanawake, na uandishi wenyewe haukufa.

Mwandishi wa Simulizi, Changamwe

Bibi, shikamoo. Leso nimeichukua. Nitaitia katika sehemu ya 9 ya simulizi ninayoiandika sasa, na bosi wa Nyali nitampa shangazi. Wakijitoa kundini nitakuja kuwashtaki nyote hapa.

Msomaji wa Kisauni

Dada Abiria, kwa maelezo yako ya kahawa kumwagwa kwenye shati nimekihisi kitabu chenyewe, nikaenda kabatini nikakikuta, tena kizima. Nimekutumia picha za kurasa 177 hadi 188. Nakuonya kwamba sura ya mwisho kabisa itakuudhi.

Abiria wa Feri

Ahsante sana, jirani wa Kisauni. Nimezisoma jioni hii kwenye feri, nimesimama, simu nimeikumbatia kifuani kwa sababu ya msongamano. Sasa naweza kulijibu swali langu mwenyewe. Kurasa saba za kwanza bwana anazungumza. Amemfuata bibi mpaka nyumbani kwa marehemu baba yake (yatima, kama kawaida), na mlangoni, kwenye mvua, anamtajia mambo madogo aliyoyaona tangu mwanzo: kwamba hunywa chai baada ya kupoa, kwamba huandika barua za wateja kwa mkono kwanza kabla ya kuzipiga chapa, kwamba siku ile ya kahawa alikuwa amevaa viatu visivyolingana na akajifanya hajui. Viatu hivyo vilitajwa ukurasa wa kumi na moja, na mimi, msomaji wa miaka thelathini, nilivipita. Kaka Malenga, nakupa ushindi wako: hicho kilikuwa kibwagizo, na kilifikiwa kwa njia nzuri. Habari za dada wa hotelini zilimalizwa kwa sentensi moja, kama kwamba mwandishi mwenyewe alizionea aibu.

Halafu ikaja ile sura uliyonionya. Mwaka mmoja umepita, bibi ana mtoto mikononi, bwana amelinunua jengo zima la ofisi ile, na kazi aliyoipigania kwa kurasa 150 haikutajwa tena, hata kwa neno moja. Nilikasirika kiasi cha kusema "aka!" kwa sauti, na mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akanigeukia akidhani amenikanyaga.

Nilizirudia kurasa zile saba za mvua. Lango lilipofunguliwa watu wakakimbilia matatu, na mfanyakazi wa feri akaniita mara mbili, "Mama, tumefika." Nilikuwa kwenye viatu.